Shingo ya Triko Iliyokataa Kichwa

Ninyi wasichana mnaokuja barazani kwangu na sindano zenu za plastiki, nawaona. Mgongo wa triko, sweta kama wengine wanavyoiita, mnaufuma vizuri, mbele vizuri, mikono nayo si mibaya. Halafu mkifika mwisho, pale pa kufunga, mnaanza kukimbia kama watu walioona mvua inakuja na nguo ziko kwenye kamba. Mnafunga huku mnaongea. Mnafunga huku mnaangalia nani anapita njiani. Mnakata uzi, mnasema imekwisha.

Haijaisha. Nimefanya kazi hii tangu nilipokuwa msichana kama ninyi hadi vidole viliponikatalia, na kama kuna mahali pamoja ambapo ningependa mnisikilize, ni hapo mwishoni. Kuanza triko hakuna shida. Ukianza vibaya unafumua, unaanza upya, na hakuna aliyekuona. Lakini ukingo wa kufungia ndio unaokutana na mwili wa mtu. Ndio unaozunguka shingo yake, ndio unaoshika mkono wake. Mtu hatakuambia kwamba mgongo wa triko ni mzuri, maana mgongo wake hauoni. Shingo ikimbana atakuja kukuambia siku ileile.

Kazi hii nilifundishwa na Mama Masika, pale mtaa wa Mudzi-Pela, miaka ya sabini ilipokuwa inaelekea mwisho. Alikuwa Munande kwa kabila, alikuja Bunia akimfuata bwana yake Kambale, ambaye alikuwa shofere wa kamyo za mizigo. Nyumba yao ilikuwa na baraza pana inayoangalia mashariki, na hapo ndipo sisi wasichana wachache tulikuwa tunakaa asubuhi, jua likitupiga miguuni, tukifuma. Tulipaita ateliye, yaani karakana. Hapakuwa na kibao cha jina wala mashine, bali mikeka, kiti kimoja cha Mama Masika, na kapu la sufu lililofunikwa kitambaa ili kuku wasiingie.

Mnacheka sindano zangu za zamani, lakini zile zilikuwa nyororo kuliko hizo zenu. Tulizitengeneza kwa waya wa gurudumu la baiskeli. Unakata, unasugua ncha juu ya jiwe mpaka isichome, unaipaka mafuta kidogo, na hapo una sindano ya maisha yote. Sufu ndiyo ilikuwa shida. Maduka ya mjini serikali ilikuwa imeyachukua kwa wageni na kuyapa wenyewe wapya, na hao walipomaliza kuuza walichokikuta, rafu zilibaki na vumbi. Sufu mpya ilikuja ndani ya mifuko ya watu waliotoka Uganda kwa njia ya Mahagi, kidogo kidogo. Nyingine yote tuliipata kwa kufumua triko kuukuu za mitumba. Nyuzi tulizifua, tukazizungusha kwenye miguu ya kiti zinyooke, tukazifuma upya. Kuna mtoto mmoja wa shule alivaa triko ambayo mwanzo ilikuwa mikono ya triko ya mzungu fulani mrefu sana, na bado sufu ilibaki ya kofia.

Vifungo navyo vilipotea. Hili lishikeni, maana ndilo lililoleta yote nitakayowaambia. Zamani triko ya mtoto mchanga ilikuwa inaachwa wazi begani, na pale begani unaweka vifungo viwili vitatu. Kichwa kinapita, unafunga vifungo, basi. Vifungo vilipokosekana ikabidi tufume shingo nzima, isiyofunguka popote. Kichwa kipite chenyewe. Na kichwa cha mtoto mchanga, mtakapozaa mtajua, ni kikubwa kuliko kila kitu kingine alicho nacho.

Kwa hiyo Mama Masika alikuwa hakubali mtu mwingine afunge shingo. Tulifuma sisi, alifunga yeye.

“Weye fuma, Afoyo,” alikuwa ananiambia. Afoyo ni jina la kwetu Mahagi. Jina la ubatizo wakati ule tulikuwa tumelikunja na kuliweka sandukuni, maana serikali ilikuwa hailitaki. “Fuma. Mukono yako iko nguvu sana. Kwa kufunga inaomba mukono yenye haiogope kitu.”

“Mimi siogope, mama.”

“Ndiyo, lakini vidole yako inaogopa.”

Nilikasirika kimya kimya. Nilikuwa najua kufunga. Unafuma macho mawili, vile vitanzi vya uzi, unachukua lile la kwanza kwa ncha ya sindano, unalirusha juu ya la pili, linabaki moja. Unafuma lingine, unarusha tena. Mtoto wa shule anaweza. Lakini nikiwa naangalia vidole vya Mama Masika niliona kwamba baada ya kila kurusha alikuwa anaacha uzi upumue kidogo, kitu kidogo sana, kama mtu anayelegeza mkanda baada ya kula. Akimaliza, kabla ya kukata uzi, alikuwa anashika ukingo kwa mikono miwili na kuuvuta mpaka mwisho wake. Ukinyooka sawa na kitambaa, anakata. Ukigoma, anafumua wote na kuanza tena bila kunung'unika. Ule mkia wa uzi hakuufunga fundo kamwe. Alikuwa anaupitisha kwa ndani, nyuma ya bega la kushoto, unapotea humo. Bega la kushoto kila mara. Nilimwuliza kwa nini la kushoto, akasema hata yeye hajui, mama yake alifanya hivyo.

Sasa sikilizeni.

Mwaka ule mvua ilinyesha bila kupumzika. Kambale alikuwa ameondoka Bunia na kamyo iliyojaa maharagwe na samaki wa chumvi, kwenda Kisangani. Ninyi mnaijua njia ile kwa kusikia tu. Kutoka Mambasa kwenda Niania, ndani ya pori, kulikuwa na mashimo ambayo kamyo ikiingia unaona turubai peke yake. Mashofere walikuwa wanapika, wanafua, wanazoeana na vijiji vya pale, wakingoja tope likauke au watu wa kutosha wapatikane wa kusukuma. Mwanamke wa shofere alizoea kungoja. Simu haikuwepo. Habari ilikuja na kamyo nyingine: “Tulimwacha Mambasa, iko muzima, anawasalimia.” Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake.

Safari ile salamu zilikuja mara ya kwanza, kisha zikakatika. Kamyo zilifika, na Mama Masika alikwenda kusimama pale zinapoegesha, karibu na soko, na mashofere walimwambia hawakumwona. Alikuwa anarudi, anakaa kitini, anachukua kazi. Sisi tukimwangalia alikuwa anasema, “Muko naangalia nini? Sufu iko kwa mikono yenu, haiko kwa uso yangu.” Tulicheka, naye alitabasamu, tukaamini kwamba hana wasiwasi.

Siku hizohizo alikuwa na kazi ya Bahati. Bahati alikuwa mke wa mwalimu kijana wa mtaa wa Bankoko. Alikuwa amezika watoto kabla ya huyu, nasi tuliokuwa tunakwenda naye sokoni tulizoea kumwona akipita mbali na akina mama wenye watoto mgongoni. Huyu wa sasa alizaliwa na nguvu, akanyonya, akanenepa, na ubatizo wake ulikuwa unangojewa na mtaa mzima. Bahati alitaka triko nyeupe. Sufu nyeupe mpya Mama Masika alikuwa ameiweka muda mrefu kwenye mfuko wake chini ya kapu, haijapata mtu wa kustahili. Aliitoa kwa ajili ya mtoto yule. Nikafuma mimi mwenyewe, mgongo na mbele na mikono. Ikabaki shingo.

Ijumaa kabla ya ubatizo Mama Masika alirudi kutoka sokoni, akanawa mikono kwa muda mrefu, akakaa, akachukua ile triko nyeupe na kufunga shingo. Alipomaliza alikata uzi, akakunja nguo, akanipa. “Jumapili asubuhi utamupelekea Bahati. Mimi sitaenda.” Nikajibu ndiyo. Kwamba hakuvuta ukingo kabla ya kukata, sikuliona. Macho yangu yalikuwa juu ya kazi yangu mwenyewe.

Jumapili nilifika kwa mwalimu mapema. Uani kulikuwa na sufuria kubwa tatu motoni, watu wa ukoo wamekaa kwenye viti vya kuazima, na mwalimu amevaa abakosi yake, suti ya wakati ule isiyo na tai, iliyonyooshwa mpaka inang'aa magotini, peni na kalamu ya risasi zikiwa zimesimama mfukoni. Ndani, mama yake mwalimu alikuwa anamwogesha mtoto. Tulimwita Tate, kama bibi wote wanavyoitwa huku. Alikuwa ametoka Djugu na magunia ya viazi, mwanamke mrefu, mwenye mikono iliyolima maisha yake yote. Alimpenda mjukuu wake kwa namna ya kutisha kidogo. Alikuwa anamkausha kama anavyokausha sahani.

“Lete nguo,” akasema.

Nikampa. Wanawake wote wakaisifu, wakaipitisha mkono kwa mkono. Tate akaikunja vizuri, akaingiza kichwa cha mtoto, akavuta. Utosi ukaingia. Akavuta tena. Ukingo ukashuka mpaka kwenye nyusi, ukasimama.

“Vuta polepole, mama,” Bahati akasema.

“Mimi nilivalisha watoto tisa,” Tate akajibu, na akavuta kwa nguvu.

Ukingo ukashuka mpaka katikati ya masikio na ukakamata. Uso wote wa mtoto sasa ulikuwa ndani ya triko. Akaanza kulia, kilio kikubwa, na Tate akafikiri mvuto mmoja zaidi utamaliza shida. Haukumaliza. Akajaribu kurudisha juu, masikio yakakunjika, ukingo ukajikaza zaidi nyuma ya kichwa. Kilio kikawa chini. Kilikuwa kinatoka kama sauti ya mtu aliye nyumba ya jirani. Sufu ilikuwa nzito, nzuri, tuliifuma kwa kubana ili ilete joto, na sasa ilikuwa imefunika pua na kinywa cha mtoto, inalowa kwa pumzi yake na kushikamana.

Bahati alipiga kelele moja tu, kisha akabaki amesimama na mikono hewani. Yule aliyekuwa amezika wengine, nilimwona akirudi kwa mawazo kule makaburini. Mwalimu aliingia mbio. Mtu akasema leteni wembe. Wembe ukaletwa upesi, maana mwalimu alikuwa amenyoa asubuhi ile, na akaushika yeye mwenyewe, anatafuta pa kukata kwenye uso wa mtoto anayejitupa huku na huku.

“Musikate,” nikasema.

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Nilikuwa msichana, watu wazima wamejaa chumba. Lakini nilikuwa najua kitu kimoja ambacho hakuna mwingine mle ndani alikijua: nguo ile ilikuwa na mlango. Nilimchukua mtoto mikononi mwa Tate, nikakaa chini, nikamlaza mapajani kifudifudi kichwa kikiwa upande, na mkono wa kushoto nikautia chini kwa ndani, ninyanyue sufu iache pua yake. Kisha nikatafuta bega la kushoto.

Mkia wa uzi ulikuwa umefichwa vizuri. Alaaniwe aliyeuficha vizuri hivyo, nilisema moyoni, na mara nikaomba msamaha. Nilipapasa kwa kucha, nikakosa, nikapapasa, nikaupata, mdogo kama shina la nywele. Nikauvuta kwa meno. Ukatoka kidogo, ukatoka tena. Nikafika kwenye jicho la mwisho, lile linalofunga yote, nikalifungua kwa ukucha, nikavuta.

Mnaujua ukingo uliofungwa. Ukivutwa upande mwingine wowote hautoki hata ulie. Ukivutwa kutoka mwisho wake unakimbia. Jicho la kwanza likafunguka, la pili, kisha yakawa yanaruka yenyewe, tra tra tra, mpaka nusu ya shingo ikawa wazi, na kichwa cha mtoto kikatoka chote kama yai.

Alikuwa mwekundu, karibu zambarau, macho yamefumba. Alivuta pumzi. Tukangoja. Halafu akalia, na sijasikia hadi leo kitu kizuri kama kilio kile. Alilia mpaka watu wa uani wakasimama. Kisha akapiga chafya, akanyamaza, akamwangalia baba yake na wembe wake kama anayeuliza huyu ni nani.

Bahati alimchukua na kumweka kifuani ndani ya kitenge, akageukia ukutani, akabaki hivyo. Mwalimu aliuweka wembe juu ya kabati, akaushusha, akautupa nje dirishani. Tate alikaa sakafuni palepale alipokuwa amesimama, miguu imenyooka mbele kama mtoto, akafuta uso kwa kanga. Akasema, “Kichwa ya baba yake. Hata huyu baba yake, siku ya kumuzaa nilijua.” Mtu mmoja akacheka, na wote tukacheka.

Kengele ya kwanza ya misa ikalia.

“Sasa atavaa nini?” Bahati akauliza, bado ameangalia ukuta.

Triko ilikuwa mapajani kwangu, macho ya shingo yamesimama wazi, yanangoja kushuka chini safu kwa safu. Sikuwa nimekuja na sindano. Nilifumua nusu iliyobaki, nikavunja njiti za ufagio, nikayatunga macho humo moja moja yasikimbie. Kwa kufungia nilihitaji kitu cha kushika mkononi, na kitu pekee chenye ncha isiyo na wino pale ndani ni kalamu ya risasi ya mwalimu. Nikamwomba. Akanipa bila kuuliza.

Kalamu ya risasi ni nene. Ni nene mara tatu ya waya wa baiskeli. Kila jicho nililofuma kwa kalamu ile lilitoka kubwa, limelegea, hata kama ningetaka kulikaza nisingeweza. Na mikono yangu, ile Mama Masika aliyosema inaogopa, siku ile ilikuwa imechoka sana hata kuogopa. Nilifunga shingo nzima kengele ya pili haijalia. Nikashika ukingo kwa mikono miwili, nikavuta mbele ya wote. Ulinyooka mpaka mwisho. Haukuwa mzuri sana, ulijikunja kidogo kama jani la kabichi, na sufu nyeupe ilikuwa na madoa ya risasi ambayo hayakutoka mpaka ilipofuliwa mara nyingi. Lakini Bahati alimvalisha mtoto yeye mwenyewe, taratibu, na kichwa kikapita bila mtoto kuamka. Alilala hivyo mpaka kanisani, akapokea maji akiwa amelala.

Tangu siku ile nimefunga kila shingo kwa sindano nene kuliko ile niliyofumia, nanyi nawafundisha hivyo, hata kama vitabu vyenu vya picha vinasema vingine. Nilipokuwa na ateliye yangu miaka ya themanini, na mashine ya kufumia ikaingia mjini na kutunyang'anya triko za shule, watu bado waliniletea nguo za mashine niwafungulie shingo na kuzifunga upya kwa mkono. Nilikula kwa shingo za watu miaka mingi.

Lakini kuna kitu kingine nilikiona asubuhi ile. Wakati nafunga kwa kalamu, nilikuwa natumia uzi uleule uliotoka. Na uzi ukifumuliwa unabaki na umbo la mkono uliouvuta. Ule wa Mama Masika siku zote ulikuwa unatoka na mawimbi mapana, malegevu. Uzi wa shingo ile ulikuwa umejikunja vidogo vidogo, umekaza, kama nywele za mtoto. Nilijua mkono ule ni wa nani. Nilijua pia kwamba haukuwa wake wa kawaida, na kwamba siku ya Ijumaa alipokuwa amekaa pale kitini akifunga shingo hakuwa mzima.

Baada ya misa sikukaa kula. Nilishuka Mudzi-Pela. Mama Masika alikuwa peke yake barazani, hana kazi mkononi, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

“Mutoto alivaa?” akauliza.

“Alivaa, mama.”

“Iliingia muzuri?”

Ningeweza kusema ndiyo. Niliangalia chini, nikaangalia tena uso wake. “Ilibana kwa shingo. Nikafumua, nikafunga tena.”

“Ilibana sana?”

“Sana, mama.”

“Mutoto iko?”

“Iko. Iko na lala. Hana kitu.”

Aliweka mikono yake juu ya magoti, viganja juu, akaiangalia kana kwamba ameiazima kwa mtu na sasa hajui airudishe wapi. “Ile Ijumaa,” akasema, “kwa soko, mwanamuke mumoja aliniambia kamyo ilianguka kwa daraja, upande ya Niania. Na shofere ndani. Hakujua jina. Nikakuja nyumbani, nikanawa mikono. Sikutaka kusema, maana nikisema, inakuwa kweli.”

Kisha akalia. Nilikuwa nimemjua muda mrefu na sikuwahi kumwona akilia. Nilikaa karibu naye kwenye mkeka, bega langu likigusa mguu wake. Alipomaliza alijifuta, akasema, “Weye utafunga sasa. Mimi nitafuma.”

Ikawa hivyo. Zikapita siku, nyingine, na nyingine. Mimi nilifunga kila kitu kilichotoka barazani pale, yeye akifuma mikono na migongo kama mwanafunzi. Niliogopa kwamba Bahati atawaambia watu wasije tena kwetu, na kwa haki. Alikuja yeye mwenyewe, mtoto mgongoni, na sufuria ya maharagwe. Alikuwa amesikia habari za daraja. Alikaa karibu na Mama Masika akamweka mtoto mapajani kwake bila kuomba. Siku nyingine alikuja Tate, kabla ya kurudi Djugu, na gunia la viazi kichwani. Alilishusha, akasimama akipumua.

“Ni mimi nilivuta sana,” akasema.

“Hapana, mama. Ni mimi nilifunga vibaya,” Mama Masika akajibu.

“Siye wawili, basi,” Tate akasema, akakaa, akaomba maji.

Sasa mwisho wake. Ilikuwa asubuhi ya kazi, jua kali, mvua ilikuwa imeanza kupungua. Hatukusikia kamyo. Mtu alipinda kona ya nyumba ya jirani akitembea kwa miguu, mwembamba, ndevu zimemjaa, bido, dumu dogo la mafuta ya mawese, mkononi na viatu vimekuwa rangi ya udongo mpaka juu. Nilifikiri ni mtu wa kuomba njia. Mama Masika hakufikiri hivyo. Alisimama, na kazi ikaanguka miguuni pake.

Ni Kambale. Kamyo iliyoteleza darajani haikuwa yake, na hata shofere wa ile aliruka kabla haijatumbukia, akavunjika mkono tu. Ya Kambale ilikuwa imezama ndani ya tope upande wa huku wa Niania, akabaki kulinda mizigo ya watu, akashikwa na malaria, na watu wa kijiji cha pale wakamlaza ndani mwao na kumlisha mpaka akaweza kusimama. Salamu alizotuma baadaye hazikufika, maana kamyo aliyoipa salamu nayo ilizama mbele kidogo. Mwisho aliiacha yake kwa msaidizi wake, akaja kwa kuomba nafasi, kamyo hadi kamyo, na sehemu nyingine kwa miguu.

Haya yote tuliyajua baadaye. Wakati ule walisimama tu, mtu na mke wake, wakiangaliana.

“Uko na njala,” Mama Masika akasema.

“Nataka maji kwanza.”

Akaingia ndani kumletea maji. Kambale akakaa kwenye kile kiti cha kazi cha mke wake, akatusalimia sisi wasichana mmoja mmoja kwa jina. Tukangoja. Maji hayakuja. Nikaingia kuangalia. Mama Masika alikuwa amekaa sakafuni jikoni, kikombe kimejaa mkononi, mabega yanamtikisika. Niliogopa, kisha nikaona anacheka, bila sauti, machozi yanashuka, na maji yanamwagika juu ya kitenge chake. Alininyooshea kikombe. Nikakijaza tena, nikampelekea Kambale mimi.

Alipokunywa alilala palepale kitini, na viatu vyake vya tope. Habari ilikuwa imekwisha kuzunguka mtaa na watu wakaanza kuja, majirani, wake wa mashofere wengine, kila mmoja na swali la mtu wake. Mama Masika alitoka, akavuta kigoda karibu na miguu ya bwana yake, akakaa. Aliwajibu wote kwa sauti ya chini, neno moja: “Iko na lala. Mukuje kesho.”

Siku ile hatukufuma tena. Tulikusanya sindano zetu za waya polepole, moja moja, zisigongane, tukatoka kwa mlango wa nyuma.